Somo la Afya: Mkono wa Mwenye Kisukari



Mwiba wa samaki ni kitu kidogo. Huku Nchelenge, pwani ya Ziwa Mweru, hakuna mvuvi wala mama muuza samaki asiyejua mwiba wa kambare, na mchuma chai wa Kawambwa naye ana mikwaruzo yake. Wengi hupona bila kutazamwa. Lakini kwa mwenye kisukari tundu hilo hilo laweza kumlaza hospitali.

Jambo hili lilichunguzwa Dar es Salaam kati ya mwaka 1998 na 2002. Mgonjwa alianza na mkwaruzo mkononi, au kuumwa na mdudu tu. Akakaa nyumbani siku nyingi. Alipofika hospitali mkono umevimba na kujaa usaha. Baadhi walikatwa vidole au mkono, na wengine walifariki dunia.

Kwa nini? Sukari ikizidi katika damu, chembe nyeupe, ambazo ni askari wa mwili, hulegea kazini. Mishipa ya damu huharibika, na kidonda hukosa chakula chake. Mishipa ya fahamu nayo hufa ganzi, na hapo ndipo penye hatari kubwa, maana asiyesikia maumivu hana haraka ya kwenda kwa daktari. Vijidudu navyo hupandisha sukari zaidi.

Akilazwa, hupewa dawa za kuua vijidudu, na usaha hutolewa kwa kupasuliwa inapobidi. Msishangae akichomwa insulini hata kama nyumbani alikuwa akimeza vidonge tu. Ndiyo njia ya kuishusha sukari upesi.

Hata wodini vijidudu vipya huweza kuingia: penye sindano ya maji, kwenye mpira wa mkojo, au katika kisigino kilicholalia mahali pamoja. Jamaa anayeuguza anawe mikono kwa sabuni kabla ya kumgusa mgonjwa, amsaidie kugeuka, na kila siku atazame visigino. Akiona uvimbe au lengelenge amwite muuguzi. Majani ya kubandika ayaache nyumbani.

Kazini, glovu ni haki ya kudai, si zawadi. Na mwenye kisukari aliyechomwa mkono akauona unavimba, aende siku hiyo hiyo Hospitali ya Mtakatifu Paulo, Kashikishi, au kituo cha afya kilicho karibu, asingoje zamu iishe. Mjumbe wa chama amwombee ruhusa kwa msimamizi.