Kurjeti: juu ya nini matunda madogo yanaoza na kuanguka?



Musimu uliopita nilitembelea bustani ya mama mmoja upande wa Kabare. Kurjeti zake zilikuwa na majani makubwa, na maua ya manjano yalijaa. Lakini mama alikuwa na jembe mukononi, tayari kuzing'oa zote. Akaniambia: «Agronomu, ku mbegu walinidanganya. Kila tunda likifika urefu wa kidole, linageuka manjano, linaoza, linaanguka. Feza yangu imepotea.»

Mbegu yake haikuwa mbaya, na udongo haukuwa mubaya. Kitu kimoja tu kilikosekana, na hakinunuliwi ku soko. Somo la leo linaeleza kitu hicho, lakini tuanze ku shimo.

1. Kupanda mbegu

Kurjeti ni ndugu ya boga. Inapenda jua, mboleo mingi, na udongo wenye kushika maji bila kuyatuamisha. Haipendi baridi. Mu milima yetu yenye kupita metre 1.500, chagua pahali penye jua kuanzia asubui, mbali na kivuli cha migomba.

Chimba shimo la santimetre 30 upana na 30 kwenda chini. Changanya udongo wa juu na nusu ndoo ya mboleo yenye kuoza vizuri. Mboleo ya mbichi inaunguza mizizi. Kutoka shimo moja paka lingine acha metre 1 kila upande. Wengi wanabananisha juu miche ni midogo. Kisha mwezi moja majani yanafunikana, hewa haipite, na magonjwa yanaingia.

Weka mbegu 2 mu kila shimo, santimetre 2 ao 3 chini. Mwangia maji. Zitaota kati ya siku 5 na 10. Penye baridi zinachelewa. Kila muche ukiwa na majani 2 ya kweli, acha ule wenye nguvu na ukate mwingine kwa makasi. Usiung'oe, utavuta mizizi ya mwenzake.

Hakuna lazima ya pepinyeri: mizizi ya kurjeti haipendi kuhamishwa. Kwa bustani ya nyumbani, mashimo 10 na mbegu 20 zinatosha kuanza.

2. Ua dume na ua jike

Hapa ndipo mama yule alikwama. Mumea moja wa kurjeti unazaa maua ya namna mbili.

Ua dume linasimama ku kikonyo kirefu na chembamba. Ndani yake kuna kijiti kimoja chenye unga wa manjano.

Ua jike lina kikonyo kifupi, na nyuma yake kuna kurjeti ndogo yenye kuonekana tayari, hata mbele ya ua kufunguka.

Watu wengi wakiona kurjeti ile ndogo wanafikiri kazi imeisha. Bado. Kama unga wa ua dume haukufika ndani ya ua jike, tunda lile halitakomaa: linakuwa manjano kuanzia upande wa ua, linanyauka, linaoza.

Wenye kubeba unga ni nyuki na wadudu wengine. Lakini ua linafunguka asubui ya siku moja tu, na mbele ya saa sita mara mingi limekwisha kufunga. Kama mvua inanyesha asubui ile, nyuki haitoke. Kama jirani amepuliza dawa ya wadudu, nyuki inakufa. Ni kusema mumea unaweza kuwa muzima kabisa na usikupe kitu.

Angalisho: mara mingi maua ya kwanza ni madume tu. Yakianguka, usiogope. Majike yanafuata siku chache nyuma.

3. Kusaidia kwa mukono

Fanya kazi hii kati ya saa kumi na mbili na saa tatu ya asubui, maua yakiwa wazi.

- Chuma ua dume lenye kufunguka siku ile.
- Ondoa majani yake ya manjano. Ubaki na kijiti chenye unga.
- Pakaza unga polepole katikati ya ua jike, pande zote.
- Dume moja linaweza kutumikia majike 2 ao 3.

Maua madume yenye kubaki hayatupwi: yanapikwa na mboga.

4. Jaribio la kikundi

Msiniamini kwa maneno tu. Katika bustani ya koperative chagueni maua jike 10 yenye kufunguka asubui moja. Matano, muyapakaze unga na mufunge uzi mwekundu ku kikonyo. Matano mengine, muyaache. Kisha siku 5, mutazame pamoja.

Kama yote 10 yanakomaa, nyuki zenu zinatosha, muzilinde. Kama yenye uzi tu ndiyo yanakomaa, mumejua pahali mavuno yenu yanapotelea. Kama hata yenye uzi yanaoza, tutafute sababu ingine: maji ya mingi, mumea wenye njaa, ao ugonjwa.

5. Kutunza na kuvuna

Mwangia ku shina, si juu ya majani, na muzuri iwe asubui. Funika udongo na majani makavu. Majani ya zamani yenye unga mweupe, ukate na uyapeleke mbali na bustani. Kama ni lazima kupuliza dawa, iwe magaribi, maua yakiwa yamefunga, na usome kartasi ya dawa.

Mavuno yanaanza karibu siku 50 ao 60 kisha kupanda. Kata kwa kisu tunda likiwa na santimetre 15 paka 20, kila siku 2 ao 3. Ukiliacha linene kama boga, mumea unapunguza kuzaa, na munnunuzi hapendi.

6. Kuhusu mbegu ya kesho

Kama ku sashe kuna maandiko F1, usihifazi mbegu: watoto hawatafanana na mama. Tena kurjeti inaweza kuchanganyika na maboga ya jamaa yake yenye kuwa karibu. Tunda la mbegu ya namna ile likiwa chungu ku ulimi, tema na utupe chungu kizima. Uchungu ule ni sumu, moto hauiondoe.

Tukumbuke

Metre 1 kati ya mimea. Mboleo yenye kuoza. Maji ku shina. Dawa hapana asubui. Na mbele ya kulaumu mbegu, angalia kama unga ulifika.

Yule mama aliweka jembe chini. Asubui yenye kufuata tulipakaza maua jike 4 pamoja. Niliporudi juma la pili, alikuwa amekwisha kuuza matatu. La ine alikuwa amelipikia watoto.