Dishi la Televisheni Lisafiripo

Ulaya na Marekani wako watu waendao likizo kwa magari yaliyo nyumba kamili, yenye vitanda na jiko, nao huchukua dishi dogo la televisheni. Hapa Chunya wasafiri wa namna hiyo ni haba. Lakini dishi husafiri: wachimbaji wa dhahabu wahamapo kambi, mwenye kibanda cha video huwafuata na dishi lake juu ya gari. Afikapo huligeuzageuza jioni nzima, na watu wangoja mpira. Kazi hiyo si ya kubahatisha.

Setilaiti ya televisheni hukaa juu ya Ikweta, kiasi cha kilometa 35,786 kutoka usawa wa bahari, ikizunguka pamoja na dunia kwa mwendo ule ule. Ndiyo maana machoni petu haisogei. Ile ya Azam, ambayo matangazo yake yalianza mwaka 2013, iko longitudo nyuzi 7 Mashariki, yaani juu ya Ghuba ya Guinea, karibu na kisiwa cha São Tomé. Sisi tuko nyuzi 33 na kitu, kusini ya Ikweta. Basi dishi letu hutazama magharibi, likielekea kaskazini kidogo, na kupanda nyuzi 58 hivi. London setilaiti yao kubwa huonekana kwa nyuzi 25 tu, hata mti ulio mbali waweza kuiziba. Sisi twasumbuliwa na mti wa karibu peke yake.

Sasa angalieni jambo hili. Dereva atokaye Chunya mpaka Dar es Salaam atakuta pembe imeshuka hata nyuzi 52 hivi, naye hana budi kulegeza skrubu. Lakini mchimbaji aliyetoka Makongolosi kwenda Matundasi? Hata angekwenda kilometa 70, pembe haibadiliki kwa nyuzi 1 nzima. Mbona basi picha hupotea? Ni nguzo. Nguzo ikiinama nyuzi 3, dishi nalo limeinama nyuzi 3, na hizo zatosha kuikosa setilaiti kabisa. Kwa hiyo skrubu ya kupandisha isiguswe. Nguzo isimamishwe wima kwanza kwa timazi (jiwe na uzi vyafaa), ipimwe pande mbili, ndipo dishi lizungushwe polepole upande wa magharibi. Dira isisomwe karibu na gari, kwa kuwa chuma huipotosha sindano.

Tena umeme. Tuseme televisheni na king'amuzi vyatumia wati 48 kwa betri ya gari ya volti 12: gawanya, utapata ampia 4. Mpira wa saa 2 wala ampia-saa 8, si neno kwa betri ya ampia-saa 60. Lakini kibanda kikiwaka saa 8 mfululizo, zimekwenda 32, zaidi ya nusu, na asubuhi gari huenda lisiwake. Njia zetu za mchanga si za kusukumia gari.

Wakati wa masika, mvua kubwa ikinyesha picha hukatika hata kama dishi limekaa sawasawa, kwa sababu matone hunyonya mawimbi. Hapo mtu asiguse dishi; angoje mvua ipite. Na radi ikianza kunguruma mbali, waya uchomolewe mapema.