Mitumba ya sadaka: je, faida yake ni halali?

Swali: Nanunua mitumba Kongowea na kuuza Ganze. Binti yangu anasema nguo hizi Wazungu walizitoa sadaka. Je, nakula haramu?

Jibu: La, mama. Maduka ya hisani ya Uingereza, kama ya Oxfam, huuza hukohuko kwanza. Zinazobaki huuzwa kwa uzito kwa wafanyabiashara, na fedha hizo ndizo huendea misaada. Robota likishuka bandarini Mombasa, tayari ni bidhaa. Wewe hulilipia bila kujua lina nini ndani, ukabeba nauli na hasara ya nguo zilizochakaa. Faida hiyo ni jasho lako. Lakini mahindi ya msaada wa ukame, hayo usiyauze kamwe: yana wenyewe, nao wana njaa. Na shati likiwa na doa, mwonyeshe mnunuzi kabla hajatoa pesa.