Mla peke yake mjini: jinsi ya kuchagua hoteli isiyokudhuru

Juma hili somo letu linahusu mlo wa mtu aliye peke yake mjini. Huenda wewe ni mwalimu uliyehamishiwa Kisumu na jamaa yako ingali mashambani. Huenda ni mwanafunzi uliyekodi chumba Manyatta, mwendeshaji wa bodaboda anayeshinda Kondele, au umekuja kumwuguza ndugu katika Hospitali ya Rufaa ya Jaramogi Oginga Odinga, ile ambayo wenyeji wengi wangali wanaiita Russia. Saa saba za mchana zinapofika huna jiko wala wa kukupikia. Una shilingi chache mfukoni na vibanda vingi mbele yako. Utaingia kipi?

Wengi huchagua kwa bei au kwa harufu ya kitunguu. Harufu nzuri haina ubaya, lakini haikwambii lolote kuhusu viini vya maradhi, kwani viini vya kipindupindu na vya homa ya matumbo havina harufu wala ladha.

Kwa nini mla peke yake ajihadhari zaidi

Nyumbani unajua aliyepika ni nani, maji yalitekwa wapi na sufuria iliepuliwa saa ngapi. Hotelini hujui hata moja ya hayo. Tena nyumbani mtu akianza kuhara usiku, kuna wa kumwona na kumpa maji. Aliye peke yake hujifungia chumbani akingoja kupambazuke. Kipindupindu kikali kinaweza kumtoa mtu maji lita nyingi kwa saa chache tu. Kufikia alfajiri huenda hana nguvu za kuufikia mlango. Kwa hivyo kuchagua hoteli ni nusu ya kinga. Nusu ya pili ni matayarisho ya chumbani, nasi tutayafikia.

Kipindupindu kilibisha hodi Kenya mwaka wa 1971 na tangu hapo kimekuwa kikirudi mara kwa mara. Mkurupuko ulioanza 1997 uliwapata watu wengi sana hapa Nyanza. Uchunguzi uliofanywa wakati huo ulionyesha kwamba waliokunywa maji ya Ziwa Victoria, na waliokula pamoja na mtu aliyekuwa akihara, walikuwa katika hatari kubwa zaidi.

Manyatta ina shida yake. Plot zimebanana, na kisima kifupi mara nyingi huwa hatua chache tu kutoka choo cha shimo. Watafiti waliopima maji ya visima vya Manyatta na Migosi walikuta vijidudu vya kinyesi. Mwenye kibanda anayeoshea sahani maji kama hayo si mtu mbaya. Labda ndiyo maji aliyo nayo karibu. Lakini tumbo lako halitambui nia njema.

Somo la kwanza: moto

Kumbuka nambari mbili, 5 na 60. Chini ya digrii 5 za Selsiasi, yaani ndani ya friji, viini vingi hulala. Juu ya digrii 60 haviwezi kuzaana. Katikati ya hapo ndipo penye karamu yao. Kiini kimoja kinaweza kugawanyika kuwa viwili kila dakika 20. Piga hesabu: baada ya saa 2 kile kimoja kimekuwa 64, na baada ya saa 4 ni 4,096. Ndiyo sababu chakula kilichopikwa hakifai kukaa zaidi ya saa 2 nje ya moto au friji.

Basi usiulize tu kama chakula ni kitamu. Tazama kama kinatoa mvuke. Fika wakati watu wengi wanakula, baina ya saa sita na nusu na saa saba na nusu mchana, maana hapo sufuria huisha haraka na nyingine huwekwa. Ukichelewa hadi saa kumi, agiza kitu kinachopikwa ukiona: mayai, chapati inayotoka kwenye kikaango, au samaki anayekaangwa wewe ukingoja.

Kuna jambo ambalo wengi hawalijui. Kupasha moto upya hakuponyi kila kosa. Wali uliolala kwenye sufuria yenye uvuguvugu unaweza kuwa na sumu ya bakteria ambayo moto wa kawaida hauiondoi. Kadhalika nyama iliyoshikwa na mkono wenye jipu au kidonda. Utaweza kuua bakteria wenyewe, lakini sumu waliyokwisha kuitema itabaki. Wali wa jana mwachie aliyeupika.

Samaki naye ana dalili zake. Kabla hajakaangwa, omba umwone. Macho yawe maangavu, yasiwe yamedidimia. Matamvua yawe mekundu. Na ukimbonyeza, nyama irudi mahali pake. Mla peke yake asione haya kuomba ngege mdogo au kipande cha mbuta, badala ya kununua samaki mkubwa na kubeba nusu yake chumbani kusikokuwa na friji. Na yule aliyekaangwa asubuhi akapangwa juu ya meza huku nzi wakimzunguka, arudishwe mafutani hadi awe moto mpaka ndani, au umwache.

Somo la pili: mikono

Mjini New York, mwanzoni mwa karne ya 20, kulikuwa na mpishi aliyeitwa Mary Mallon. Alionekana mzima kabisa, lakini mwili wake ulibeba viini vya homa ya matumbo. Jamaa alizozipikia ziliugua moja baada ya nyingine. Mchunguzi George Soper alipofuatilia, alishuku zaidi aiskrimu yenye mapichi mabichi, kwa sababu vyakula vyake vingine vilipitia motoni. Mary alitengwa mwaka wa 1907, akaachiliwa 1910, kisha akapatikana akipika tena hospitalini. Alitengwa tena 1915 hadi alipofariki mwaka wa 1938.

Funzo ni mawili. Kwanza, mpishi mwenye afya usoni anaweza kuwa na viini. Ndiyo maana sheria ya Kenya humtaka anayeandaa chakula cha kuuza awe na cheti cha uchunguzi wa afya, ambacho hufanywa upya kila baada ya miezi 6. Ukikiona kimetundikwa ukutani, soma tarehe. Pili, hatari kubwa imo katika kile kinachoshikwa na mikono bila kupikwa baadaye. Kwenye kibanda, hicho ni kachumbari, parachichi lililokatwa mapema, na matunda yaliyomenywa. Chungwa na ndizi unazomenya mwenyewe ni salama zaidi.

Tazama pia pesa zinakwenda wapi. Anayepokea noti na sarafu kisha akashika chapati kwa mkono uo huo anakuongezea usichoagiza. Na wewe je? Ugali huliwa kwa mkono. Kibanda kisicho na maji yanayotiririka na sabuni, hata kama ni mtungi wenye bomba tu, kipite. Beseni moja la maji ambalo wateja kumi wamechovya mikono si kunawa, ni kubadilishana uchafu.

Somo la tatu: maji

Uliza bila ukali, kwa heshima: "Mama, maji haya ya kunywa mmeyachemsha au mmeyatia dawa?" Mwenye kujali hatakasirika, na mara nyingi atakuonyesha mtungi wenyewe. Akisitasita, agiza chai. Chai iliyochemka ndiyo kinywaji salama zaidi kibandani, tena ni rahisi. Barafu iepuke, kwani kugandisha maji hakuui viini vyote. Sharubati nayo mara nyingi hutengenezwa kwa maji yale yale ya mtungi.

Kisha tazama sahani. Ikiletwa ingali inadondoka maji machafu, omba nyingine au omba ioshwe kwa maji ya moto. Aibu ya dakika moja si sawa na siku tatu za kuendesha.

Je, piza?

Vijana wengi wanaofika mjini huona kwamba piza ya dukani ni salama kuliko kibanda. Kuhusu viini, wana hoja. Kule Naples, Italia, mji ulioipa dunia piza, tanuri ya kuni hupita digrii 400, na mkate huiva kwa dakika moja au zaidi kidogo. Mji huo ulipokumbwa na kipindupindu mwaka wa 1973, lawama ziliangukia kome wa baharini walioliwa bila kuiva, si piza. Moto ulitenda kazi yake.

Lakini usalama si lishe. Piza imejaa jibini, chumvi na unga uliokobolewa, na aliye peke yake humaliza peke yake kile kilichokusudiwa watu wawili au watatu. Chipsi za kila usiku ni vivyo hivyo, hasa mafuta yakiwa yametumika hadi yakawa meusi. Shirika la Afya Duniani linashauri mtu mzima asizidishe gramu 5 za chumvi kwa siku, yaani kijiko kimoja cha chai, pamoja na ile iliyomo ndani ya chakula. Soda ya chupa ndogo ya mililita 300 ina sukari ya takribani vijiko 8 vya chai. Mtu akila hivyo miaka mitano bila mwenzi wa kumkemea, hushangaa anapoambiwa ana shinikizo la damu au kisukari.

Ukitaka piza, kula, lakini iwe siku moja moja. Agiza ndogo, iliyotoka tanurini sasa hivi, na unywe maji badala ya soda. Siku nyingine rudi kibandani na uigawe sahani yako hivi: nusu iwe mboga, robo iwe ugali au nyoyo, na robo iwe samaki, omena, maharagwe au nyama. Osuga, dek na apoth zinazouzwa sokoni Kibuye huandaliwa na vibanda vingi vya Kisumu, na bei yake haimshindi mtu wa kawaida. Mwombe mama akuongezee mboga na akupunguzie ugali. Ukiwa mteja wa kila siku, atakuzoea na kukujua, na huo ni ulinzi mkubwa kwa aliye peke yake: siku usipoonekana, kuna atakayeuliza uko wapi.

Matayarisho ya chumbani

Weka vitu vitatu: maji safi lita kadhaa, pakiti za chumvi na sukari za kuzuia upungufu wa maji mwilini, yaani ORS, na nambari ya simu ya jirani. Usipokuwa na pakiti, changanya lita 1 ya maji safi na vijiko 6 vya chai vya sukari na nusu kijiko cha chumvi. Vijiko viwe sawasawa, visirundikwe. Chumvi ikizidi inadhuru. Kunywa kidogo kidogo kila baada ya kuhara, hata ukitapika. Ngoja dakika 10 uendelee polepole.

Mwamshe jirani na uende hospitalini usiku huo huo, bila kungoja asubuhi, ukiona dalili hizi: choo kama maji ya mchele, kutapika kusikokoma, misuli kukakamaa, kutopata mkojo, kizunguzungu unaposimama, au damu katika choo. Kipindupindu kikitibiwa mapema, karibu kila mgonjwa hupona.

Usimlaumu mpishi wa jana kwa haraka. Sumu ya chakula hujitokeza kwa saa chache, kipindupindu kwa saa chache hadi siku 5, lakini homa ya matumbo huchukua juma 1 hadi 3 au zaidi. Na ukiambiwa una homa ya matumbo kwa kipimo kimoja cha Widal tu, fahamu kwamba kipimo hicho hukosea mara nyingi. Kuotesha damu maabarani hutegemewa zaidi. Uliza pia kama umepimwa malaria, kwani kandokando ya ziwa hili ndiyo humwangusha mtu kwa homa mara nyingi.

Kwa ufupi, msomaji wangu: kula kilicho moto, kwa mikono iliyonawiwa, na maji unayojua yalivyotengenezwa, mboga zijaze nusu ya sahani, na chumbani pasikose ORS. Kula peke yako si lazima kuwe kula ovyo.