Dondoo muhimu: Treni ndogo za mfano zisikwame njiani

Skeli ya Z, iliyoanzishwa na kampuni ya Märklin ya Ujerumani mwaka 1972, hupunguza treni mara 220. Reli ya SGR yenye upana wa milimita 1,435 hubaki milimita 6.5. Injini ya skeli hii ni nyepesi mno, na chembe ya vumbi ikikaa kati ya gurudumu na reli, umeme hukatika. Katika wilaya za Ngara na Biharamulo, adui wa kwanza ni vumbi jekundu la barabara za changarawe, hasa kiangazi.

Futa reli kabla ya kuendesha kwa kitambaa kisichotoa nyuzi, kilichotiwa spiriti kidogo. Msasa uache kabisa: mikwaruzo yake hukusanya uchafu. Safisha na magurudumu. Wengi huyasahau, kisha hulaumu mota. Ukimaliza kuendesha, funika meza yote ya reli kwa nailoni.

Mafuta ya kulainisha injini yawe mepesi, yasiyodhuru plastiki, tone la ncha ya sindano tu. Yakizidi hunasa vumbi.

Viungo vya reli hulegea, kwa hiyo lehemu nyaya za umeme sehemu kadhaa za njia. Na tafadhali, usiunganishe reli moja kwa moja na betri ya sola ya volti 12. Injini nyingi za skeli hii hutaka volti 10 au chini. Pitisha umeme kwenye kidhibiti cha volti.

Reli halisi ya Isaka hadi Kigali imepangwa kupitia Rusumo, wilayani Ngara, kwa hiyo treni ya mfano ni somo zuri kwa wanafunzi wa huko. Walimu wa klabu za sayansi, anzeni na duara moja dogo.