Mistari ya Karani wa London

Muhula uliopita nilikaribia kuacha kuchora. Kila nikipaka rangi, picha inageuka tope, nami nasingizia rangi zangu za bei rahisi. Siku moja, maktabani, nikakutana na picha za Arthur Rackham wa Uingereza.

Jamani, huyu bwana hakuanzia kwenye raha. Alizaliwa London mwaka 1867. Akiwa na miaka 18 alishika ukarani katika ofisi ya bima ya moto, huku akisomea sanaa shule ya Lambeth kwa muda wa ziada. Jina lake lilivuma hasa mwaka 1905, kwa picha 51 za rangi alizochorea hadithi ya Rip Van Winkle.

Siri yake nini? Mstari. Alianza kwa penseli, akapitisha wino, ndipo akapaka rangi nyepesi za maji, tabaka juu ya tabaka. Uchapaji wa siku zile ulitumia rangi tatu, na zikihama kidogo tu picha inavurugika. Yeye akachagua rangi zilizofifia, akauachia wino ubebe umbo. Udhaifu wa mashine ukawa mtindo wake.

Basi wiki mbili nikachora miti tu, kwa kalamu tu. Kumbe rangi hazikuwa na kosa! Nilikuwa sijawahi kutazama tawi linavyotoka kwenye shina.

Mwenzangu, usiige miti yake ya Uingereza. Chukua mbinu, kisha kachore ule mwembe wa nje ya bweni lako.