Samli ndani ya visheti vya mama

Mazao ya mnyama hayaishii kwenye nyama, maziwa, mayai na asali, vitu ambavyo mvegani yeyote amekwisha kuvipa kisogo. Yamo pia katika vitu visivyo na sura wala harufu ya mnyama. Jelatini ya ngozi na mifupa imo kwenye peremende laini na kwenye maganda ya dawa. Rangi nyekundu iitwayo E120 hutokana na wadudu wanaofugwa juu ya mipungate nchini Peru. E904, inayong'arisha peremende, ni utomvu wa wadudu wa India na Thailand. Vitamini D3 mara nyingi hutengenezwa kwa mafuta ya sufu ya kondoo. Msomaji mmoja, binti wa Tanga anayesoma Manchester, anauliza mstari uchorwe wapi. Barua yake ilikuwa ndefu, na baada ya kupunguzwa imebaki hivi:

"Asalaam aleikum. Nimekuwa mvegani tangu mwaka jana. Dukani nasoma kila lebo. Wenzangu ninaoishi nao wananiambia hata noti ya pauni 5 ina mafuta ya mnyama, na sukari husafishwa kwa mifupa. Vidonge vya vitamini D nimeviacha. Mama alinitumia visheti kwa mkono wa binamu yangu. Dada akaniambia vimekandwa kwa samli, nikavitupa. Mama alipopiga simu nikamwambia vilikuwa vitamu na vimekwisha. Binamu anakwenda tena nyumbani kabla ya Idi. Niishie wapi?"

Mstari wenyewe una umri mkubwa kuliko mwandishi wa barua na wenzake. Novemba 1944, vita vikiwa havijamalizika na chakula Uingereza kikitolewa kwa mgao, Donald Watson na wenzake wachache walianzisha The Vegan Society. Kwa maelezo yanayotumiwa na chama hicho leo, mvegani ni mtu anayejiepusha na kuwatumia na kuwatesa wanyama, iwe kwa chakula, mavazi au jambo jingine, kadiri inavyowezekana na kutekelezeka. Maneno hayo ya mwisho hayakuachwa kuwa mwanya wa wavivu. Trekta linalolima ngano huua panya, na ghala la mchele hupigwa dawa ya wadudu. Bila kipimo cha uwezekano asingebaki mvegani hata mmoja duniani.

Dukani kipimo hicho si kigumu. Sheria ya Uingereza inataka vyakula 14 vinavyosababisha mzio viandikwe kwa herufi zilizokolezwa kwenye orodha ya viambato, na maziwa, mayai na samaki ni miongoni mwavyo, kwa hiyo macho huviona mara moja. Jelatini haimo katika hivyo 14, hivyo orodha isomwe hadi mwisho. Kiambato kiitwacho E471 kinaweza kutoka kwa mnyama au kwa mchikichi, na lebo hailazimiki kusema. Anayetaka uhakika anunue bidhaa yenye alama ya alizeti ya The Vegan Society, iliyoanza kutolewa mwaka 1990. Onyo la kwamba chakula huenda kikawa na chembe za maziwa limewekwa kwa ajili ya wenye mzio. Linahusu mashine iliyotumika kwa bidhaa mbili, na mvegani hana sababu ya kulikimbia.

Hofu ya sukari ilivuka bahari kutoka Marekani, ambako baadhi ya viwanda huchuja sukari ya miwa kwa makaa ya mifupa. Sukari inayolimwa Uingereza hutokana na viazisukari na haipitii kwenye makaa hayo. Bia na mvinyo hazimhusu mwandishi wa barua. Kwa faida ya wengine, ziko zinazosafishwa kwa kibofu cha samaki, kile kiungo ambacho wavuvi wa sangara wa Ziwa Victoria hukiita bondo. Guinness ilitangaza mwaka 2015 kwamba inaachana nacho.

Suala la noti ni la kweli. Benki Kuu ya Uingereza ilitoa noti ya plastiki ya pauni 5 Septemba 2016, na miezi miwili baadaye ikathibitisha kwamba plastiki hiyo ina chembe za shahamu. Watu zaidi ya 100,000 walitia saini kupinga, wakiwemo Wahindu wasiotaka kuingia nayo hekaluni. Benki ikaomba maoni ya umma, na asilimia 88 ya waliojibu wakakataa mafuta ya mnyama. Lakini mbadala uliopendekezwa, mafuta ya mawese, nao ulikataliwa na asilimia 48, na Agosti 2017 Benki iliamua kubaki na plastiki ileile. Waliopinga walifanya jambo la haki na la heshima. Hata hivyo mwanafunzi mwenye noti hiyo mkononi hakuichagua, na hana nyingine ya kumlipa muuza mboga. Pochi ya ngozi ndiyo iliyo ndani ya uwezo wake.

Kwenye vidonge mwandishi wa barua amekosea, na kosa hilo halifai kuachwa lipite. Huduma ya afya ya Uingereza, NHS, huwashauri watu wazima wote watumie mikrogramu 10 za vitamini D kila siku katika majira ya vuli na baridi. Wenye ngozi nyeusi wenye asili ya Afrika hushauriwa wafikirie kuitumia mwaka mzima, kwa sababu jua la huko haliwatoshi. Binti aliyezaliwa Tanga anayepitisha kipupwe Manchester ndiye hasa aliyekusudiwa. D3 ya mimea ipo madukani, hutolewa kwenye likeni, uoto mdogo unaoshika juu ya mawe na magome ya miti. Vitamini B12, ambayo barua haiitaji kabisa, ni ya lazima zaidi: mvegani asiyeitumia hujihatarishia damu na mishipa ya fahamu, na viwandani hutengenezwa kwa bakteria, hakuna mnyama ndani yake. Ama dawa ya daktari, The Vegan Society yenyewe haitaki mtu aiache kwa sababu ya ganda la jelatini. Mfamasia aulizwe kama ipo ya namna nyingine. Ikikosekana, imezwe.

Hayo yote mwandishi wa barua angeyapata bila kuandika gazetini. Lililomfanya aandike limepita upesi, katikati ya samli na safari ya binamu: vilikuwa vitamu na vimekwisha. Mtu anayesoma lebo ya biskuti hadi herufi ya mwisho amemwambia mama yake uongo mara mbili katika sentensi moja. Na uongo huo unaonyesha kwamba huko Tanga hakuna anayejua, isipokuwa pengine dada, kwamba binti wa nyumba hiyo amemaliza mwaka bila kugusa samaki.

Visheti si kitu cha kufungua pakiti. Samli huyeyushwa na kumiminwa juu ya unga ungali mkavu, kisha unga husuguliwa kwa viganja mpaka ukifinywa ushikane. Hukandwa, ukakatwa, ukakunjwa kimoja kimoja, ukakaangwa kwa moto mdogo. Mwisho vyote hugeuzwa ndani ya shira yenye iliki, na mkono hauachi kugeuza mpaka sukari ikauke nyeupe juu yake. Ni kazi ya asubuhi nzima, na aliyeifanya aliambiwa kwamba imependwa na imekwisha. Mama yeyote wa Pwani akisikia hivyo huelewa jambo moja tu: apike vingine. Kwa hesabu ya uvegani wenyewe, basi, uongo ule umeagiza samli ya pili.

Kutupa nako hakukumsaidia ng'ombe. Samli ilikwisha kununuliwa, ng'ombe alikwisha kukamuliwa, na visheti vilivyotiwa pipani ni israfu, neno ambalo mwandishi wa barua alilisikia utotoni kila alipobakiza wali. Binamu angevila. Msikiti wowote wa Manchester ungevipokea wakati wa kufuturisha.

Kwa nini akadanganya? Barua haisemi, ila si vigumu kukisia. Mtoto wa Pwani hulelewa akijua kwamba kukataa chakula ni kumkataa aliyekipika. Juu ya hilo kuna hofu ya kuambiwa kwamba Ulaya imemgeuza. Hofu hiyo ina msingi, na haina budi kuheshimiwa. Lakini heshima kwa mzazi haijawahi kuwa na maana ya kumwambia anachopenda kusikia. Heshima imo katika namna ya kusema: salamu kwanza, shukrani kwa kazi ya mikono yake, kisha jambo lenyewe bila kuzunguka. Msimamo anaoujua rafiki wa chuo wa miezi michache na asioujua mama mzazi bado haujawa msimamo. Huo ni mtindo wa maisha ya huko, na utavuliwa uwanja wa ndege siku ya kurudi. Mwenye kujiheshimu huanza nyumbani, tena huanza na yule anayemwogopa kuliko wote.

Na mama huyo anaweza kumshangaza. Katika nyumba ya Kiislamu, kuuliza kilichomo ndani ya chakula si ukorofi, ni dini. Nani kachinja? Jelatini hii ya ng'ombe au ya nguruwe? Wazee wa Tanga walikuwa wakiuliza hivyo kabla wenzake wa Manchester hawajazaliwa. Wanajua pia dharura: fiqhi humruhusu mwenye kuhofia maisha yake atumie kilichokatazwa, kwa kiasi cha haja yake. Kipimo cha uvegani na kipimo cha dharura havikutoka chimbuko moja wala havifanani kwa kila hali, lakini aliyelelewa na kimoja hahitaji muda mrefu kukielewa kingine. Mama ndiye wa kumuuliza kuhusu vidonge, kabla ya wenzake wa nyumba.

Tahadhari moja ni ya lazima. Aseme "mimi sili", asiseme "hakifai". Samli ya mama ni halali na itabaki halali, na mwana hana mamlaka ya kuiharamisha mezani kwa mzazi wake. Idi ya kuchinja itakuwa ngumu kuliko siku nyingine zote, na hilo pia lisemwe mapema kuliko kusubiri sinia lifike mbele ya wageni.

Baada ya hapo kazi ni ndogo, maana jiko la Pwani limejaa vyakula vyake tayari: mbaazi za nazi, maharage ya nazi, vitumbua vya tui, mahamri yasiyotiwa maziwa, kashata, ubuyu. Mitego yake nayo inajulikana. Uduvi hutwangwa ukatiwa kwenye mchicha, samli humalizia pilau, chapati za kusukuma nazo mara nyingi hupakwa samli. Akienda likizo aingie jikoni na kupika pamoja na mama, na mengi yatamalizika hapo bila maneno. Siku mama akisahau na kijiko cha samli kikapita, mtoto aliyekula bila kujua hajavunja kitu wala hadaiwi kafara.

Binamu hajaondoka bado. Simu ipigwe wiki hii, kwa sauti na si kwa ujumbe wa maandishi. Mama aambiwe kwamba visheti vya kwanza havikuliwa, aombwe radhi, kisha aombwe vya pili vikandwe kwa mafuta ya nazi.